"Maegesho Yapo" Iandikwe Katika Mkataba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wenye nyumba, madalali na wapangaji wa Dar es Salaam juu ya jambo moja linalowasumbua watu wengi. Nyumba za ghorofa hutangazwa kuwa zina maegesho ya magari, lakini mpangaji akishalipa hukuta kuwa maegesho hayo ni ya maneno matupu.

Utaratibu wa kupata nyumba hapa mjini unajulikana. Mtu humwendea dalali, naye hudai hela ya kuonyesha nyumba hata kama nyumba yenyewe haikufaa. Ikifaa, dalali hulipwa kodi ya mwezi mmoja, na mwenye nyumba hutaka kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo. Mpangaji akiuliza gari litalala wapi, hujibiwa upesi: "Maegesho yapo, wasiwasi wa nini?" Siku ya kwanza anaporudi kazini saa tatu za usiku ndipo anapotambua kuwa jengo lina familia kumi na mbili na uwanja wake unatosha magari manne. Waliowahi wamewahi. Yeye huambiwa aache gari barabarani, na mlinzi humweleza wazi kwamba kazi yake ni kulinda yaliyo ndani ya geti.

Wapo watakaosema kwamba mwenye gari ni tajiri, ajitafutie mwenyewe. Hiyo si kweli. Magari mengi yanayolala mitaani ni ya kutafutia riziki: teksi, pikapu ya fundi, bajaji, kirikuu cha kusambazia bidhaa madukani. Mtu wa namna hii akiamka akakuta taa na vioo vya pembeni vimeng'olewa, siku hiyo hana kazi na nyumbani hakuna chakula. Hali kadhalika muuguzi anayetoka zamu usiku wa manane hulazimika kuacha gari mtaa wa tatu, kisha atembee peke yake gizani.

Chanzo cha shida hii ni ardhi na jinsi tunavyoitumia. Kariakoo ilipangwa kwa nyumba za chini, zile zenye korido katikati na vyumba pande mbili, wakati magari mjini yalikuwa ya kuhesabika. Leo juu ya viwanja vilevile yamesimama maghorofa. Sinza na Kijitonyama vilipimwa katika miaka ya 1970 kwa mradi wa viwanja na huduma uliosaidiwa na Benki ya Dunia, na huko nako nyumba za chini zinabomolewa kupisha fleti. Gari dogo huhitaji nafasi ya kama mita 2.5 kwa mita 5. Magari kumi na mawili basi yanataka mita za mraba 150, kabla hatujahesabu njia ya kuingilia na ya kugeuzia. Asiyeitenga nafasi hiyo tangu kwenye ramani hataipata baadaye. Linaloudhi zaidi ni kwamba wako walioitenga, kisha jengo lilipokwisha wakaigeuza kuwa fremu za maduka kwa sababu fremu ina kodi nono.

Wasomaji wa siku nyingi watakumbuka kwamba tulikuwa na Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya mwaka 1984, iliyokuwa na mabaraza yake ya kusikiliza mashauri ya wapangaji. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo mpangaji na mwenye nyumba wanategemea zaidi mkataba wao, pamoja na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999. Kwa hiyo jambo lisiloandikwa katika mkataba ni vigumu kulidai. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa sababu hiyo natoa mapendekezo matatu. Kwanza, wenye nyumba waandike katika mkataba idadi ya magari ambayo kila mpangaji ana haki ya kuegesha, na kila nafasi ichorwe namba ya nyumba yake. Rangi ya kuchorea namba haiwezi kumfilisi mtu mwenye ghorofa. Asiye na nafasi aseme hana, na kodi yake iwe ya nyumba isiyo na maegesho. Pili, halmashauri za manispaa zisiishie kutoa kibali cha ujenzi. Zirudi kukagua kama maegesho yaliyo kwenye ramani yapo kweli, au pameota fremu. Tatu, dalali aliyemdanganya mpangaji arudishe fedha aliyochukua, maana alilipwa kwa kazi ambayo hakuifanya.

Nanyi wapangaji wenzangu, msikubali kuonyeshwa nyumba saa nne asubuhi tu, wakati wenye magari wote wako kazini na uwanja ni mweupe. Rudini saa tatu za usiku mhesabu magari, kisha mhesabu milango. Muulizeni mlinzi, kwani yeye hapati chochote mkipanga. Kama maegesho yako chini ya ardhi, ulizeni maji hufika wapi wakati wa masika. Baada ya hapo ndipo mtoe fedha, tena kwa stakabadhi.

Kodi ya miezi sita ni akiba ya mtu ya muda mrefu. Anayeipokea anapaswa kutoa kile alichokitangaza. Wahusika katika manispaa zetu wanasemaje?

Mpangaji,
Kinondoni,
Dar es Salaam.