Kuvumwani Juu ya Paa: Milima ya Korogwe na Tambarare za Handeni

Kuvumwani huota juu ya paa penye unyevu usiokauka mapema, kivuli cha muda mrefu na vumbi la kushikia. Mkoani Tanga mambo hayo hukutana zaidi kwenye miteremko ya Usambara iliyo ndani ya Wilaya ya Korogwe, kuanzia Bungu na Vugiri hadi kwenye chai ya Ambangulu. Upepo wa Bahari ya Hindi huipanda milima hiyo ukiwa umebeba mvuke, hupoa, na kugeuka mawingu na ukungu, hivyo hata siku isiyo na mvua mabati huamka yameloa. Mjini Korogwe, chini kando ya Mto Pangani, jua hukausha mapaa asubuhi tu, na Handeni ni kukavu zaidi. Huko tambarare mmea huu ni wa nadra: huonekana chini ya mwembe mkubwa, nyuma ya jengo refu, au ndani ya gata lililoziba.

Kuvumwani haina mizizi. Hujishikiza kwa vinyweleo na kunywa maji kwa vijani vyake, ndiyo maana huweza kuishi juu ya kigae kitupu. Kiangazi hukauka ikaonekana imekufa, kisha mvua moja ikairudishia ukijani. Huenea kwa chembe nyepesi kama vumbi zinazopeperushwa na upepo, kwa hiyo hakuna paa linaloweza kufungiwa lisifikiwe. Tamás Pócs, mtaalamu wa mimea kutoka Hungaria aliyefundisha Morogoro mwanzoni mwa miaka ya 1970, alichunguza katika misitu ya Uluguru jinsi kuvumwani na mimea mingine iotayo juu ya miti inavyonasa maji ya mvua na ukungu. Uwezo huo wa kushika maji ni neema kwa chemchemi za milimani, lakini juu ya nyumba ndio unaoleta hasara.

Vitabu vya ujenzi vya Ulaya huonya juu ya upande wa kaskazini wa paa. Onyo hilo halifai hapa. Korogwe iko takriban nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri hupita kaskazini. Upande wa paa unaotazama kusini ndio unaopata jua hafifu, tena katika miezi ya masika na ya baridi. Fundi anayekagua paa aanzie huko.

Bati jipya lina ngozi ya zinki. Kila mvua huosha chembe chache za madini hayo, nazo ni sumu kwa kuvumwani, hivyo bati hukaa safi kwa miaka. Zinki ikishalika, kutu huacha uso wa kukwaruza, vumbi na majani makavu hukwama, na mmea hupata makao. Mahali pa kutazama kwa makini ni pale bati moja linapolalia jingine. Kishada cha kijani kisichozidi upana wa kidole kikikaa kwenye mfereji wa bati hapo, maji hurudi nyuma, huingia chini ya ungio na kudondokea kwenye mbao za kenchi. Doa hutokea darini mbali na kilipo chanzo, na wengi hulaumu misumari. Vigae vya udongo na vya saruji hushikwa mapema zaidi kwa kuwa vinanyonya maji.

Kuondoa si kazi ngumu, ila inataka subira. Paa huloweshwa, kisha husuguliwa kwa brashi laini kutoka kwenye kofia kushuka chini, kwa sababu kusugua kwenda juu husukuma maji chini ya maungio. Brashi ya waya hukwangua zinki iliyobaki. Anayepanda akanyage kwenye mistari ya misumari, kwenye papi, na asipande paa likiwa limeloa bila kamba. Majengo ya zamani yaliyoezekwa kwa asbesto yasiguswe kabisa kwa brashi: nyuzi zake zikivutwa puani huleta saratani, na kazi hiyo ni ya wenye vifaa na mafunzo.

Jambo zito kuliko yote ni maji ya kunywa. Handeni imetegemea malambo kwa miaka mingi, na bomba lake kuu, mradi wa HTM (Handeni Trunk Main), huvuta maji ya Mto Pangani kutoka upande wa Korogwe. Maji ya malambo na ya bomba yasipotosha, paa ndilo chanzo cha maji ya familia. Dawa za kuua kuvumwani, klorini nzito, au mrututu unaojulikana na wakulima wa kahawa, zikimwagwa juu huishia kwenye tenki. Tena klorini hula bati, na shaba iliyo ndani ya mrututu huharakisha kuoza kwa zinki. Brashi na maji matupu vinatosha. Kabla ya kuanza, bomba linaloshuka kutoka kwenye gata litenganishwe na tenki, na lisirudishwe mpaka mvua ya kwanza iwe imesafisha paa.

Paa lililosafishwa huku matawi yakiachwa juu yake litarudi kuwa kijani. Matawi yanayolifunika yakatwe ili jua na upepo vipite, na gata lizolewe majani Februari, kabla ya masika, kisha Septemba, kabla ya vuli. Kwenye vigae, utepe wa bati la zinki ukipigiliwa chini ya kofia, mvua huishusha zinki yake juu ya paa na kupunguza uotaji.