Kabla ya Kudai Bunduki

Mwanafunzi wangu mmoja alinijia majuzi na swali ambalo wazazi wengi wa Kieni wamekuwa wakilinong'ona. Pongo walikuwa wameingia katika shamba la baba yake, upande wa Naro Moru, wakala maharagwe usiku wa tatu mfululizo. "Mwalimu," akasema, "mbona tusiruhusiwe kuwapiga kwa bunduki kama Wamarekani wanavyowapiga ayala wao?" Alikuwa amesoma jinsi bunduki ya marisau inavyotayarishwa ili ifyatue risasi moja nene badala ya chembe nyingi.

Sikumkemea. Anayekesha shambani akilinda jasho lake hastahili kuhubiriwa na aliyelala kitandani. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mnamo Mei 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 haikuondoa marufuku hayo. Sheria iyo hiyo iliahidi fidia kwa mazao yanayoharibiwa na baadhi ya wanyama, lakini ahadi haijazi gunia. Wala sisahau kwamba zama za ukoloni mlowezi alilipia leseni akaitwa mwindaji, ilhali babu zetu waliotega mitego misituni waliitwa majangili.

Hata hivyo, nilimwomba kijana tuitazame hiyo bunduki yenyewe. Ya marisau iliundwa kwa ajili ya ndege. Mtutu wake ni laini ndani, na mara nyingi mdomo wake umebanwa kidogo ili chembe zisitawanyike upesi. Haina shabaha ya nyuma. Ina kishanga kidogo tu mdomoni, na jicho la mpigaji ndilo hulenga kwa kuzoea. Kwa kware arukaye, hayo yatosha. Kwa risasi moja yenye uzito wa gramu 28 hivi, hayatoshi kamwe. Ndiyo maana mwindaji makini hutafuta mtutu usiobanwa, huongeza shabaha ya nyuma au darubini, kisha huilaza bunduki juu ya mfuko wa mchanga na kuipiga karatasi iliyo umbali wa mita 50. Hupiga risasi tatu, hutazama zimeangukia wapi, hurekebisha, hupiga tena. Hujaribu risasi za viwanda mbalimbali, kwa kuwa mtutu mmoja huzipenda hizi na kuzikataa zile. Nayo bunduki hulitwanga bega vibaya! Mwishowe hujua mpaka wake, yaani umbali ambao akiuvuka atajeruhi tu. Na pongo aliyejeruhiwa humgeukia amfuataye kichakani kwa pembe.

Je, nani kwetu atafanya kazi hiyo yote kwa ajili ya mistari michache ya maharagwe? Waliokuwa na ujuzi huo kabla ya 1977 sasa ni wazee.

Lakini hoja iliyonielemea zaidi ni nyingine. Majimbo kadhaa ya Marekani yaliwaamuru wawindaji watumie bunduki ya marisau kwa sababu mashamba na nyumba vimekaribiana, na risasi ya raifo husafiri mbali mno. Risasi nene hupoteza kasi mapema, ndivyo ilivyoaminiwa. Mwaka 2007, uchunguzi uliofanywa kwa ajili ya jimbo la Pennsylvania ulitia dosari imani hiyo: bunduki ikilazwa sawa na ardhi, risasi nene hugonga udongo, ikaruka, na mwisho wa safari yake waweza kuwa mbali kuliko wa ile ya raifo. Na hayo ni mashamba ya Marekani, msomaji wangu, si vipande vyetu vya ekari moja ambamo nyumba, zizi na kisima vinasongamana.

Mimi sipingi mkulima kulindwa. Ua wa umeme uliokamilishwa mwaka 2009 kuizunguka Aberdare umewafaa wengi, na ningependa nguvu zetu za kudai zielekezwe kwenye ua wa Mlima Kenya na kwenye fidia inayolipwa kwa wakati, badala ya kuziangamiza katika ndoto ya bunduki.

Kijana hakuridhika. Nikamtuma ahesabu hatua kutoka maharagwe hadi mlango wa jirani. Alirejea Jumatatu: hatua 140. Nikamuuliza habari za upande wa pili. Akasema huko hakuhesabu, maana ndiyo njia ya watoto wa shule ya msingi.