Steringi Akirudi na Mvi

Picha iliyopendwa utotoni hukaa na mtazamaji wake miaka mingi, na habari kwamba sehemu nyingine inatengenezwa humpa hamu na wasiwasi kwa pamoja. Anatamani kumwona tena steringi wake na kujua aliishia wapi. Papo hapo anahofia kwamba picha mpya itaichafua ile ya zamani. Kwa waliokulia Ziba, Igunga, Nzega na miji mingine midogo ya Tabora, hofu hiyo ina sura yake ya pekee, kwa kuwa picha waliyoipenda haikuishia kwenye mkanda uliotoka Marekani, Hong Kong au India. Kibanda, umati na sauti ya msimulizi vilikuwa sehemu ya picha yenyewe.

Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994. Lakini tangu masharti ya biashara yalipolegezwa katikati ya miaka ya 1980, deki za video zilikuwa zikiingia nchini, na wenye mtaji mdogo wakafungua mabanda ya kuonyesha picha kwa kiingilio. Chumba chenye mabenchi, madirisha yaliyozibwa ili mwanga usiingie, televisheni moja juu ya meza na jenereta nje pale pasipo umeme: hicho ndicho watu walichokiita kibanda umiza, na aliyewahi kukaa ndani yake mchana wa jua kali hahitaji kuelezwa maana ya jina hilo. Mikanda ilitoka Dar es Salaam kwa treni ya reli ya kati na kwa mabasi, ikifuata kwa kiasi kikubwa njia ya misafara ya zamani iliyotoka Bagamoyo kupitia Unyanyembe hadi Ujiji. Ilifika kadiri ilivyopatikana. Sehemu ya pili iliweza kutangulia, na ya kwanza ikafuata baadaye sana au isifike kabisa.

Ndiyo maana watazamaji wengi walimfahamu Rambo kwanza kwa picha ya mwaka 1985, akiwa kifua wazi msituni Vietnam na upinde wake. Ile ya kwanza ya mwaka 1982, First Blood, ilimwonyesha mtu tofauti kabisa: askari mstaafu asiye na kwao, anayefukuzwa na polisi wa mji mdogo na mwishoni analia kama mtoto. Aliyeanza na ya pili angeweza kuikuta ya kwanza ikiwa imepoa na yenye huzuni. Kipimo chake kilikuwa ile iliyomfikia kwanza, hata kama kwenye ganda imeandikwa namba mbili.

Sylvester Stallone, aliyemwigiza Rambo, alikuwa na miaka 36 First Blood ilipotoka. Sehemu ya tano, Last Blood, ilipotoka Septemba 2019 alikuwa na miaka 73. Kati ya picha hizo mbili kuna utoto, ujana na utu uzima wa shabiki mzima. Tanzania jina la shujaa huyo lilihamia hata sokoni, mfuko wa plastiki ukaitwa rambo, na mwaka huohuo wa 2019, tarehe 1 Juni, mifuko hiyo ikapigwa marufuku.

Kanuni ya kibanda umiza ilikuwa moja: steringi hafi. Mtoto aliyeogopa aliambiwa hivyo na wakubwa wake, akatulia. Kumbe Rambo alikusudiwa kufa. Katika riwaya ya David Morrell ya mwaka 1972, ambayo ndiyo chanzo cha picha, anauawa mwishoni. Watengenezaji wa picha nao walipiga tukio la kifo chake, lakini watazamaji wa majaribio walichukizwa nalo, likaondolewa. Uamuzi huo ndio uliofungua mlango wa sehemu nne zilizofuata. Shabiki anayedai shujaa wake aishi ndiye anayefanya muendelezo uwezekane, kisha huyohuyo anaumia akimwona shujaa amechoka. Morrell mwenyewe aliikataa Last Blood hadharani.

Muda ukipita, hata dunia ya picha hubadilika. Rambo III, yenye vita dhidi ya Wasovieti nchini Afghanistan, iliingia kwenye majumba ya sinema Mei 1988, mwezi uleule majeshi ya Kisovieti yalipoanza kuondoka nchi hiyo.

Hofu nzito zaidi, hata hivyo, inahusu sauti. Watazamaji wengi wa vibandani hawakukijua Kiingereza wala Kichina cha kwenye mkanda. Msimulizi alipunguza sauti ya picha, akashika maikrofoni, akaanza kazi. Alifasiri, akawapa wahusika majina ya mitaani, akalinganisha mji wa Marekani na Kariakoo, akamwonya steringi kwamba adui yuko nyuma ya mlango. Aliyejulikana zaidi ni Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, ambaye masimulizi yake yalirekodiwa juu ya mikanda na kufika mbali kuliko yeye mwenyewe. Matthias Krings, mwanaanthropolojia wa Chuo Kikuu cha Mainz nchini Ujerumani, aliandika juu ya sanaa hiyo na kuiita kugeuza wali kuwa pilau. Jina linafaa sana. Uganda kazi hiyo inafanywa na watu wanaoitwa maviijei (VJ), Kenya kuna DJ Afro, na Tanzania jina linalosikika siku hizi ni DJ Murphy.

Basi sehemu mpya inapotangazwa, mtu wa Tabora anasubiri vitu viwili. Studio inaweza kumrudisha mwigizaji, lakini haiwezi kumrudisha msimulizi, na bila yeye picha inarudi kuwa wali. Mtazamaji anayesema kwamba picha za zamani zilikuwa tamu zaidi hajakosea. Alichokula kilikuwa na viungo ambavyo havikutoka kwa mpishi wa kwanza.

Sauti iliwagusa pia wapenzi wa The Lion King ya mwaka 1994, picha ambayo wahusika wake wanaitwa Simba, Rafiki na Pumbaa, majina ambayo mtoto wa Kiswahili hakuhitaji kufasiriwa. James Earl Jones aliyempa Mufasa sauti mwaka 1994 alirudi tena katika toleo la mwaka 2019, na mashabiki wakapata kitu cha kushika. Alifariki Septemba 2024. Picha ya Mufasa iliyoongozwa na Barry Jenkins ilitoka Desemba mwaka huo, ikieleza ujana wa simba huyo kwa sauti ya mwigizaji mwingine, Aaron Pierre.

Filamu za Bongo ziliongeza hofu ya aina nyingine. Katika enzi ya VCD na DVD, hadithi moja mara nyingi ilikatwa katikati na kuuzwa kwa diski mbili, sehemu ya kwanza na ya pili. Mnunuzi alilipa mara mbili, na matukio yakavutwa ili diski zijae. Malalamiko yalikuwa ya haki. Tabia hiyo iliwafundisha watazamaji kuyashuku maneno sehemu ya pili kabla ya kuiona. Halafu kuna waigizaji ambao hawatarudi: Steven Kanumba alifariki tarehe 7 Aprili 2012 akiwa na miaka 28, na watoto waliompenda katika Uncle JJ wamebaki na filamu alizoziacha.

Siku hizi fundi mwenye kompyuta anarusha muvi kwenye flashi au simu kwa bei ndogo, na picha zote tano za Rambo huweza kukaa pamoja, nyingine zimetafsiriwa, nyingine bado. Mtoto anayezipata leo anaweza kuanza na mzee wa miaka 73, kisha akarudi nyuma hadi kwa kijana wa 1982, na kwake huyo mwenye mvi ndiye Rambo wa kwanza.