Je, Wajua? Nusu ya Gari Lako Imelala Juu ya Mawe Sanya Juu

Je, wajua kwamba Henry Ford alipomaliza gari lake la kwanza, usiku wa kuamkia Juni 4, 1896, halikupita mlangoni? Lilikuwa pana kuliko mlango wa banda! Akachukua shoka, akabomoa ukuta, akatoka nalo mitaani Detroit. Lilikuwa na magurudumu ya baiskeli, uzito wa kilo 227 na gia mbili za kwenda mbele. Rivasi haikuwapo kabisa. Kwa hiyo wewe wa Sanya Juu unayetaka kujiundia gari, kabla hujawasha mashine ya kuchomelea, pima mlango.

Sogea hapa. Unakiona kirikuu kile cha Suzuki nyuma ya gereji, kimelala juu ya mawe, kutu mpaka milangoni? Je, wajua kwamba pale pana nusu nzima ya gari jipya? Injini, gia boksi, propela shafti, difu, stelingi, redieta: wahandisi wa Suzuki walishavipanga vikaelewana zamani. Kazi yako ni fremu nyepesi ya kuvibeba, viti viwili na taa.

Na injini yake? Kirikuu kilichoundwa kwa soko la Japani tangu mwaka 1990 hakizidi cc 660, kwa sheria ya huko! Usicheke. Gari la kilo 500 lenye nguvu ya farasi 50 lina farasi kwa kila kilo sawasawa na gari la kilo 1,000 lenye farasi 100. Ukivua uzito umeongeza injini, na hujanunua hata boliti moja.

Tena kuzaa chombo kipya kutoka gari lililokufa tumekuzoea sana. Mkokoteni wa punda unaokupita barabarani na magunia ya mahindi, uchungulie chini: umekalia ekseli na tairi za gari. Katambuga za Wamasai wanaoshuka sokoni zimekatwa kwenye tairi hizo hizo.

Shika hesabu hii. Bomba la mraba la milimita 25 kwa 25, unene milimita 1.6, urefu mita 6, lina uzito wa kilo 7 tu. Mabomba saba, yaani mita 42 za chuma, ni mzigo wa mfuko mmoja wa saruji! Na bomba la kipimo hicho hicho ndilo uti wa mgongo wa magari ya kujitengenezea yanayoitwa Locost.

Hujawahi kuyasikia? Basi kaa vizuri. Mwaka 1996 Mwingereza Ron Champion alitoa kitabu cha kumfundisha mtu kujitengenezea gari la spoti kwa pauni 250. Pauni mia mbili na hamsini, gari zima! Alichinja Ford Escort chakavu, akachukua viungo vyake, akachomelea fremu kwa mkono. Watu wakakimbilia magereji yao, na mpaka leo wanachomelea.

Umbo aliloliiga lilikuwa la Lotus Seven ya mwaka 1957. Je, wajua kwa nini gari lile liliuzwa likiwa vipandevipande? Kodi! Uingereza wakati huo ilitoza kodi ya ununuzi kwa gari lililokamilika, lakini vipande ulivyokwenda kuunganisha mwenyewe nyumbani vilipona. Kampuni ya Caterham ilichukua haki za kuliunda mwaka 1973, na bado inalitengeneza.

Sasa nisikilize kwa makini, maana hapa ndipo pananikosesha usingizi kwa raha. Je, wajua kwamba kuna kigari kimoja kidogo ambacho ni bibi wa karibu kila gari unalolistahi? Kinaitwa Austin 7, cha mwaka 1922. Aliyemsaidia Herbert Austin kukichora ni Stanley Edge, kijana wa miaka 18!

Mwaka 1948 Colin Chapman, mwanafunzi wa London, alichukua Austin 7 iliyochoka, akaivua bodi na kuunda gari lake la kwanza kwenye gereji nyuma ya nyumba ya wazazi wa mchumba wake. Hapo ndipo ilipozaliwa Lotus. Bruce McLaren wa New Zealand alianza mashindano akiwa kijana kwenye Austin 7. Na BMW? Gari la kwanza kabisa kubeba jina la BMW lilikuwa Austin 7 iliyoundwa Ujerumani kwa leseni!

Ngoja, sijamaliza. Kampuni iliyounda Austin 7 kule Marekani baadaye ikaitwa Bantam. Mwaka 1940 jeshi la Marekani lilitaka gari dogo la vita, na likatoa siku 49 tu za kuleta la mfano. Bantam wakaokota ekseli huku, injini kule, vyote vya madukani, wakaunganisha. Gari liliendeshwa kwa magurudumu yake mpaka kambini na kuingia nusu saa kabla muda haujakwisha. Hiyo ndiyo Jeep ya kwanza!

Na Land Rover, kipenzi cha milima yetu, je? Gari lake la kwanza la majaribio, mwaka 1947, lilijengwa juu ya chasisi ya Jeep, na usukani wake ulikuwa katikati! Bodi ikawa ya aluminiamu kwa sababu chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita. Kwa hiyo Land Rover inayokupita ikipanda Ngarenairobi imeanzia kwenye mwili wa gari jingine. Mimi hili naliona tamu kuliko habari yoyote ya magari ya mamilioni.

Afrika Mashariki nayo haijakaa kimya. Mwaka 1986 Rais Moi wa Kenya alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kuunda gari, na kufikia 1990 Nyayo Pioneer tano zilikuwa tayari, zikigusa kilomita 120 kwa saa. Mwaka 2011 Makerere wakaendesha Kiira EV ya umeme, ya watu wawili. Shirika letu la Nyumbu, Kibaha, lipo kwenye utafiti wa magari tangu 1985. Na mwaka 2022 aliyeonyesha kigari cha umeme jijini Dar es Salaam alikuwa mchora katuni, Masoud Kipanya!

Turudi kwetu Sanya Juu, mlimani. Je, wajua kwamba injini ya kawaida ya petroli hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda? Hewa ni nyepesi, mafuta hayapati pumzi ya kutosha. Ukitoka Moshi kuja Sanya Juu, farasi kadhaa wanabaki njiani.

Maji nayo huchemka mapema mlimani. Pale kilele cha Uhuru, Kilimanjaro, mita 5,895, yanachemka kwenye nyuzi 80 hivi. Lakini kifuniko kidogo cha redieta, kwa kubana presha tu, huyasogeza mpaka karibu nyuzi 120 bila kuchemka! Kifuniko hicho nunua kipya. Usikifungue kikiwa cha moto.

Breki pia nunua mpya, na hapo sibembelezi. Ukitoka kilomita 40 kwa saa ukafika 80, umbali ambao breki zinahitaji kukusimamisha hauwi mara mbili, unakuwa mara nne! Paneli za milango, redio, kapeti, vyote achana navyo. Pedi, mabomba ya breki na silinda yake hapana.

La mwisho, ulichukue uende nalo. Mwaka 1993 Mfaransa Emile Leray alikwama kwenye jangwa la Morocco, Citroën 2CV yake imevunjika. Akaichana, akaifanya pikipiki! Yeye mwenyewe anasimulia kwamba ilimchukua siku 12, akatoka jangwani akiwa hai, na polisi waliomkuta wakamtoza faini kwa sababu karatasi zilisema gari na yeye alikuwa juu ya pikipiki. Kadi ya TRA ya gari lako nayo imeandika aina ya bodi, rangi, namba ya injini na namba ya chasisi. Itoe kabatini leo uisome, kisha uwaulize TRA na trafiki kabla grenda haijagusa chuma.