Maji Tunayokunywa (3): Je, Bwawa la Maji ya Bomba Liogelewe?

Wiki iliyopita tulitazama mtambo wa kusafishia maji. Leo turudi nyuma hadi bwawani, kwenye ubishi ambao Wamarekani wamekuwa nao kwa miaka mingi.

Kusini mwa California, karibu na mji wa Hemet, kuna bwawa liitwalo Diamond Valley Lake. Lilianza kujazwa mwaka 1999, na likijaa hubeba karibu mita za ujazo bilioni moja. Jua la huko ni kali, na maji yanavutia. Unaruhusiwa kuvua samaki na kuendesha mashua, lakini kuogelea ni marufuku. Sheria ya jimbo inakataza mwili wa mtu kugusa maji ya mabwawa ya namna hiyo, isipokuwa machache yaliyopewa ruhusa maalumu, kama Modesto Reservoir. Ajabu ni kwamba Lake Perris, lisilo mbali na hapo na ambalo nalo limo katika mfumo wa kusambaza maji, lina ufukwe wa kuogelea. Mwenyeji wa Hemet ana haki ya kunung'unika.

Hofu yenyewe ina msingi. Mtaalamu Charles Gerba wa Chuo Kikuu cha Arizona alikadiria kwamba kila anayeingia majini huacha humo, kwa wastani, gramu 0.14 za kinyesi kilichobaki mwilini hata baada ya kujisafisha. Kwa bwawa kubwa hivyo, utasema si kitu. Ila akiingia mtoto anayeharisha kwa sababu ya kimelea cha kriptosporidiamu, hesabu inageuka: choo chake kimoja kinaweza kuwa na mamilioni ya vijiyai, na vijiyai kumi tu vyatosha kumwambukiza mtu. Klorini ya kiwango cha kawaida haiviui hata kwa wiki nzima. Kinachovizuia ni kichujio kinachofanya kazi barabara, au mionzi ya urujuanimno.

Na kichujio nacho huchoka. Mwaka 1993, mjini Milwaukee, mtambo mmoja ulipitisha maji yaliyochafuka, na watu wapatao 403,000 wakaugua. Wengi walishuku ng'ombe. Baadaye vinasaba vikaonyesha kimelea cha aina inayotoka kwa binadamu. Sisemi waogeleaji ndio walioleta balaa hilo. Nasema mtambo wenye kichujio na klorini ulishindwa, na walioumia ni wanywaji.

Hapo ndipo wengi wanapochanganya mambo: bwawa la maji ghafi si sawa na hifadhi ya maji yaliyokwisha kusafishwa. Mwaka 2011 mji wa Portland ulimwaga karibu lita milioni 30 kwa sababu kijana mmoja alikojoa katika hifadhi ya wazi. Kitaalamu mkojo ule haukuwa na madhara yoyote, na mimi nauona uamuzi ule kuwa wa kuwaridhisha wateja. Lakini maji yale yalikuwa yamekwisha kusafishwa, hayakuwa na kichujio chochote mbele yake. Ndiyo maana New York, ambako maji mengi hayachujwi kabisa, mashua huoshwa kwa mvuke kabla ya kuingia bwawani, na kuogelea hakuruhusiwi.

Kwetu, Mwanza na Kisumu wanachota Ziwa Victoria, ambamo watu wanaoga na kufua tangu enzi. Ziwa halizungushiwi uzio. Fedha zote ziende kwenye mtambo. (Huko, aliye hatarini zaidi ni mwogaji mwenyewe: kichocho hakimsubiri mnywaji.) Bwawa la Ndakaini, linalotegemewa na Nairobi, ni jambo jingine: bwawa linaweza kulindwa. Watu wamelizunguka kwa mbio za kuhimiza utunzaji wa mazingira, na hilo ni jema. Waendelee kukimbia ukingoni.

Atakayetaka kuogelea katika bwawa la aina hiyo aonyeshwe kwanza kichujio na taa za urujuanimno zinazofanya kazi, na gharama zake zitoke kwenye kiingilio cha waogeleaji, zisiingizwe katika bili ya mama anayenunua maji kwa ndoo.

Itaendelea wiki ijayo.