Kufuata Nyayo za Watafiti Katika Hifadhi ya Nyaraka ya Chuo Kikuu

1. Suala

Hifadhi ya nyaraka huweza kusema ina nini. Mara chache huweza kusema nyaraka zake zimezaa nini. Makala haya yanaeleza jinsi matumizi hayo yanavyofuatiliwa, na vikwazo vinavyotukabili hapa Lubumbashi.

2. Daftari na tanbihi

Chombo cha kwanza ni daftari la chumba cha kusomea: tarehe, jina la msomaji, namba ya waraka na kusudi la utafiti. Daftari huonyesha kwamba waraka ulitoka rafuni. Halionyeshi kama ulifaa. Kwa hiyo twahitaji chombo cha pili, yaani tanbihi na marejeo ya tasnifu, makala na vitabu. Tukivilinganisha viwili hivyo, tutakuta nyaraka zinazoombwa mara nyingi bila kutajwa popote, na nyingine zinazotajwa na watu wasiofika hifadhini kamwe, kwa kuwa walizisoma katika kazi ya mwingine.

3. Jina la mahali

Chuo kilichofunguliwa Elisabethville mwaka 1956 kilikuwa Chuo Kikuu Rasmi cha Kongo ya Kibelgiji na Ruanda-Urundi. Baada ya uhuru kikaitwa Chuo Kikuu Rasmi cha Kongo. Mwaka 1971 kikaunganishwa katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire. Tangu 1981 ni Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Mji nao ulibadilishwa jina mwaka 1966. Basi waraka uleule, bila kuhama rafu, waweza kutajwa chini ya majina mbalimbali. Atafutaye jina la leo peke yake atahesabu sehemu tu ya matumizi.

4. Jina la mtunzi

Mwaka 1965 André Yav aliandika, kwa Kiswahili cha mjini, historia ya Elisabethville kwa niaba ya watu waliokuwa watumishi wa nyumbani. Mwaka 1990 Johannes Fabian, akisaidiwa na Kalundi Mango, aliitoa matini hiyo kitabuni pamoja na tafsiri ya Kiingereza na ufafanuzi. Walter Schicho aliongeza maelezo ya kiisimu. Toleo hilo liliifikisha matini kwa wasomaji wa mbali. Lakini kwa desturi ya marejeo, anayenukuu maneno ya Yav huandika kwa urahisi «Fabian 1990». Tukihesabu kwa mabano hayo, mchapishaji anaonekana, na mtunzi anatoweka.

5. Yanayowezekana

Kwanza, kila waraka upewe namba moja ya kudumu, isiyotegemea jina la chuo. Pili, msomaji akabidhiwe, pamoja na waraka, namna ya kuutaja: mtunzi, mwaka, namba, hifadhi, na panapokuwa na toleo lililochapishwa, litajwe baada ya mtunzi. Tatu, kila tasnifu inapokabidhiwa, nyaraka zilizotumika ziandikwe katika kadi zake. Tuhesabu nyaraka, tusipeleleze watu: majina ya daftarini yasitolewe nje.

Haya hayahitaji mashine. Yahitaji kadi, kalamu na uvumilivu. Faida yake itaonekana siku ya kugawa fedha za makasha na dawa ya mchwa. Siku hiyo mtunza nyaraka ataulizwa ni nani anayezitumia karatasi hizo, naye atakuwa na jibu lililoandikwa.