Bima ya Afya ya Mbwa na Paka: Inalipa Nini, Inaacha Nini?

Mtu aliyeumwa na mbwa anapofika kituoni, miongoni mwa maswali ya awali ni hili: je, mbwa huyo amechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa? Katika nchi ambako mbwa na paka hukatiwa bima ya afya, kama vile Uingereza, Uswidi na Marekani, ni rahisi kudhani kuwa mnyama mwenye bima amekwisha kukingwa. Sivyo. Bima hulipia matibabu. Kinga huachiwa mwenye mnyama.

Yanayolipiwa

Kwa kawaida bima hulipia ajali na maradhi yanayozuka baada ya mkataba kuanza: mfupa uliovunjika, saratani, kisukari, pamoja na vipimo, dawa na upasuaji. Mikataba ya bei nafuu huishia kwenye ajali peke yake. Mingine hulipia kila ugonjwa kwa miezi 12 tu, jambo ambalo ni zito kwa paka mwenye kisukari, kwani huenda akahitaji insulini maisha yake yote. Nchini Uingereza, mikataba mingi ya mbwa hulipa pia fidia kwa mtu aliyejeruhiwa na mbwa huyo.

Yasiyolipiwa

Kwanza, ugonjwa uliokuwapo kabla ya mkataba. Mbwa aliyewahi kukatika kano ya goti moja anaweza kunyimwa malipo hata goti la pili likiharibika. Pili, maradhi yanayojitokeza katika kipindi cha kusubiri, ambacho mara nyingi ni siku 14. Tatu, chanjo, dawa za minyoo na viroboto, kuhasi, na gharama za mimba, isipokuwa pale mwenye mnyama anapolipa nyongeza. Zaidi ya hayo, mnyama asiyechanjwa akiugua maradhi ambayo chanjo ingeyazuia, kampuni inaweza kukataa kulipa.

Hata gharama inayokubaliwa hailipwi yote. Tuchukue mfano wa matibabu ya pauni 1,000. Ikiwa mwenye mnyama hutoa pauni 150 za mwanzo, kisha asilimia 20 ya zinazobaki, atalipa pauni 320, na kampuni pauni 680.

Kwa nini yatuhusu

Takriban asilimia 99 ya vifo vya binadamu vitokanavyo na kichaa cha mbwa husababishwa na virusi vilivyoambukizwa na mbwa. Dalili zikishaanza, ugonjwa huu huua karibu kila anayeupata, na hakuna mkataba wa bima utakaomrudisha. Kwa hiyo, mhudumu wa afya aulize kadi ya chanjo, wala asiridhike na kuambiwa kuwa mbwa ana bima.

Nawe uliyeumwa au kukwaruzwa, osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya upesi, hata kama jeraha ni dogo. Usingoje kuona mbwa atakuwaje.

Mwenye mbwa au paka, awe na bima au asiwe nayo, amchanje kwa wakati na kuitunza kadi yake. Gharama hiyo ni yake, lakini faida yake ni ya nyumba nzima na ya majirani.